Miguu ya Nyuma

Zipu ya zimwi ilikwama saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, na Tulinagwe akiwa ndani.

Hakuwa peke yake. Zimwi lilikuwa la watu wawili: yeye kichwa na miguu ya mbele, mtu mwingine miguu ya nyuma na mkia. Sponji ilikuwa imelowa na kuwa nzito, na joto la humo lilikuwa la chungu kilichofunikwa. Prosper, fundi wa mavazi, alivuta zipu ya tumboni mpaka kishikio kikabaki mkononi mwake.

"Imekufa," alisema. "Naleta kisu, tunapasua."

"Usipasue," Tulinagwe alijibu kupitia kooni mwa zimwi. "Ngoja watu waondoke kwanza."

Watu hawakuwa na mpango wa kuondoka. Nusu ya Mpuguso ilikuwa imesimama kando ya shamba la chai na miavuli, na mbele kabisa alikuwepo mama Atupakisye, jirani yake, mwanakwaya mwenzake, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala nyumbani kwake.

Filamu yenyewe ilitoka kwenye vile vitabu saba vya zimwi la ziwani, ambavyo watoto wa shule wamevisoma mpaka majalada yameng'oka. Kwenye vitabu zimwi linakula watu, tena bila haraka. Lakini Jenifer, mwongozaji kutoka Dar, alitaka filamu ya familia, kwa hiyo zimwi lake halili mtu: linacheza, linabeba watoto mgongoni, likikosea linaomba radhi. "Nataka baba, mama, babu na mkwe wakae kochi moja waangalie," alisema siku ya kwanza. Wenyeji walitazamana kwa adabu.

Kochi moja, jamani. Tulinagwe ana mwaka wa sita kwenye ndoa, na baba mkwe wake, Mzee Ambwene, hajawahi kumwona usoni. Wengi wameiacha mila hiyo, Mzee hajaiacha. Akisikika anakuja njiani, mkwe anaingia migombani mpaka apite. Hawasalimiani, hawaulizani, na likiwepo la kusema linapitia kwa mtu wa tatu. Mzee huyohuyo, mzee wa kanisa, alisimama ibadani akasema vitabu vile ni vya mashetani na mtu wa nyumba yake asivisogelee. Edward, mumewe Tulinagwe, akamalizia: "Baba akijua unacheza humo, unarudi kwenu, na mimi sitakutetea."

Alicheza hivyo hivyo. Tangu darasa la tano alitaka kuigiza, na ndani ya zimwi sura haionekani. Bahati nayo ilimwangukia, kwa kuwa siku hizo Mzee alikuwa akishinda Matwebe kwenye miparachichi yake, anatoka alfajiri, anarudi jioni. Yeye alitoka baada yake na kurudi kabla yake. Za mwizi ni arobaini. Zake ziliishia siku ya kumi na tisa.

Yule wa nyuma hakumsaidia lolote. Kwenye orodha ya Prosper aliandikwa Hezron. Kila Tulinagwe alipofika alimkuta keshaingia, na jioni alimwacha humo humo. Siku ya kwanza alimsalimia, "Ugonile, kaka?" Yule mtu alishtuka, akarudi nyuma mpaka mkia ukanyooka. Hakuitikia siku ile wala siku nyingine. Kutwa alikuwa akijivuta nyuma, Jenifer akilalamika, "Wewe wa nyuma, sogea, zimwi limekuwa refu kama treni." Akisogea anajikwaa, anamkanyaga mwenzake visigino, wakati matundu ya kuonea anayo. Tulinagwe aliamua kwamba anadharauliwa kwa sababu ni mwanamke.

Sasa pumzi ilikuwa inapungua. Alijaribu kugeuka, sponji ikambana mabega. Nje alimsikia mama Atupakisye akiuliza ni mtoto wa nani huyo aliyenaswa.

"Kaka Hezron," alinong'ona, "najua hunipendi. Ila nakuomba, wakipasua, nitupie chochote nijifunike uso. Baba mkwe wangu akisikia, sina ndoa. Nina mtoto mdogo, kaka. Na yule mzee hana huruma. Moyo wake ni jiwe la mto Kiwira, maji yanapita juu miaka yote, ndani pakavu."

Nyuma kikasikika kikohozi kifupi, kilichozibwa na kiganja.

Prosper alirudi na kisu cha kumenyea ndizi. "Naanzia mbele," alisema, na ncha ikatokeza chini ya kidevu cha zimwi. Mwanga ukaingia, na hewa ya mvua. Tulinagwe aliiona miavuli ikisogea, na simu ya mama Atupakisye ikiwa tayari juu. Aliogopa kuliko siku aliyojifungua. Alijiziba uso kwa mikono, akaanza kulia.

Koti zito la mwanamume lilirushwa kutoka nyuma, likamwangukia kichwani na kumfunika mpaka kifuani.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, miguu ya nyuma ilisema, na haikusema naye.

"Prosper, mwambie mkwe wangu ajifunike vizuri, atangulie nyumbani. Na umwambie mimi sijamwona. Nimefumba macho tangu Jumatatu ile ya kwanza."