Vidole Vitatu Nyuma ya Kisigino

"Hizi ndizo zako, Mzee," muuzaji alisema huku akinifungia buti za kupandia mlima kwa skii. "Unasikia zilivyo laini?"

Zilikuwa laini mno. Miguu ilijilaza humo kama iko kitandani.

"Toa bitana, hicho kiatu laini cha ndani," nikamwambia.

"Ya nini tena? Mbona zimekukaa!"

"Toa, kijana. Mguu ni wangu."

Akaichomoa shingo upande. Nikatumbukiza mguu kwenye gamba tupu la plastiki lililobaki, nikausukuma mpaka vidole vikagusa mbele, kisha nikapenyeza mkono nyuma ya kisigino. Hapo panatakiwa kuingia vidole viwili vya mkono, basi. Viliingia vitatu, na cha nne kikawa kinapiga hodi.

Buti hizo zingenichuna ngozi kabla sijafika msitu unapoishia. Na muuzaji huyu huwavisha waongozaji wa milimani wa mkoa mzima wa Tiroli. Hakosei.

"Nani kakwambia unipe hizi?"

Alitazama dirishani, ambako binti yangu Notburga, aliyenileta kwa gari lake, alikuwa akizigeuzageuza glavu za kitoto.

"Umri umeenda, Baba," alisema bila kugeuka. "Nilitaka mlima wenyewe ukurudishe nyumbani. Mimi nikikukataza, utanisikia?"

"Sikusikii."

Nikavua gamba, nikalisukumia pembeni.

"Niletee saizi ndogo zaidi," nilimwambia muuzaji. "Kisha mkalishe huyu binti yangu hapa, umpime naye, tupande wote. Na utoe bitana kwanza."