Alama za Mgongoni

Kidonda kilikuwa na pembe nne. Hilo lilimshangaza muuguzi kila alipokifungua, maana vidonda havina adabu, hujitanulia ovyo. Hiki kilikaa katikati ya mgongo wa yule mwanamke, kimenyooka kama mfuko wa shati uliobanduliwa.

"Jana ulikifunga wewe tena, fundi?" aliuliza.

"Nani mwingine? Mwenyewe hapo hafiki hata kujikuna."

Mume wa mgonjwa alikuwa fundi cherehani. Tangu mkewe aanze kuugua, yeye ndiye aliyempikia, aliyemwogesha, aliyemchemshia maji ya chumvi na kuloanisha shashi ya kidonda ili isitoke na nyama. Sasa alichukua mkasi, akakata kipande kipya bila kupima. Kikaingia pembe kwa pembe.

"Tepu yako ya kupimia iko wapi?" muuguzi akamtania.

"Machoni."

Mke, aliyelala kifudifudi, akacheka kidogo, kisha maumivu yakamkatisha.

Dada yake, aliyesimama kando ya kitanda, hakucheka. Alikuwa amekuja na hasira zake tangu nyumbani. Mdogo wake alipigwa mionzi ili kuua masalia ya uvimbe wa saratani. Miezi ikapita, ngozi ikawa nyeusi, ikachanika, na sasa mfupa ulikuwa ukichungulia. Kibaya zaidi, uvimbe ulikuwa juu zaidi, karibu na bega. Kidonda hakikupaswa kuwa pale kabisa.

Daktari aliingia, nyuma yake akiwa mtu wa mashine ya mionzi, mzee mwenye miwani minene. Alisimama karibu na mlango kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Tuanze na kidonda," daktari alisema. "Nyama imeungua mpaka ndani, damu haifiki tena. Nikiishona hivi hivi, itaachia."

"Kama kitambaa kilichooza," fundi alisema polepole. "Uzi unakikata."

"Ndivyo. Tutaondoa iliyokufa, tuchukue nyama nzima ya ubavuni pamoja na mishipa yake, tuzibe nayo hapa."

"Kiraka."

"Kiraka, fundi. Lakini kuna jingine." Daktari alisita. "Picha zimerudi. Uvimbe umeanza kukua upya. Mionzi haikuugusa."

Fundi akashika ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo mmechoma penye uzima, mkaacha penye ugonjwa!" Dada alilipuka. "Si mlimchora alama za wino mgongoni? Mkamwambia asiziguse kwa maji, zikifutika anarudi mwisho wa foleni! Mtoto wa watu akakaa na jasho lake. Halafu huyu," akamnyooshea kidole mtu wa mashine, "anashindwa kulenga kitu kilichochorwa!"

"Nililenga alama, mama," mzee alijibu. "Kila siku nililenga alama."

"Utawaambia hayo wakubwa zako mchana!"

Kikao cha nidhamu kilikuwa mchana huo huo, na hospitali nzima ilishajua kwamba mzee yule angetoka humo bila kazi. Wengine walikuwa wameanza kumuaga.

Fundi alikuwa akiikunja shashi iliyobaki. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shemeji, na wewe sema kitu! Si mkeo huyu?"

Fundi aliiweka shashi kitandani, akamgeukia mtu wa mashine.

"Mwacheni mzee wa watu," sauti ilisikika kutoka kwenye mto. "Hana kosa. Alama zilifutika bafuni. Niliogopa foleni, nikazichora upya."

Mtu wa mashine alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. Daktari alivuta kiti akakaa.

"Ulizichora wewe?" dada aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Msimuulize mtu mwingine yeyote."

Dada alikuwa tayari kumfokea. Lakini macho yake yakatua pale katikati ya mgongo, mkono wa mwenyewe usipofika, kwenye zile pembe nne zilizonyooka. Akakitazama kidonda kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, akaitazama mikono ya shemeji yake.