Kisu Kipya cha Mashoto

Kisu kilitoka kwenye gunia kikiwa na mikwaruzo.

Mashoto alikigeuza juu, akakigeuza chini, wateja wamenyoosha shingo juu ya meza ya bucha. Bapa lilikuwa limechorwachorwa kama dawati la shule. Mpini umeingia weusi wa jasho, isipokuwa katikati, palipobaki mkanda mweupe kama kidole kilichovuliwa pete.

"Kipya kinyemi," alisema mama muuza nyanya, "ila hiki naona kina wajukuu."

Watu wakacheka. Mashoto hakucheka. Tangu mvua zilizopita alikuwa akiwahubiria habari za kisu hicho. Visu vya dukani hutengenezewa watu wa mkono wa kulia, na yeye, kama jina lake lilivyo, ni wa kushoto. Ndiyo maana alikwenda kwa mhunzi, akashinda huko kutwa akimsimulia kisu anachokitaka na sifa za mkono utakaokishika, akarudi sauti imemkauka. Kesho yake anafungua bucha, kisu chake cha zamani, kile kilichozungushiwa mpira wa baiskeli kwenye mpini, hakipo.

Hakuhitaji polisi. Soko zima lilikuwa na watu wawili tu wa mkono wa kushoto: yeye na shemeji yake, muuza kuku wa kibanda cha pili. Mashoto akamwita mwizi mbele za watu, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Tangu hapo akawa anakata nyama kwa kisu cha kuazima kinachokwenda upande, shemeji hakanyagi kwake, na mkewe anampakulia chakula bila kumtazama. Asubuhi ile ile mke alikuwa amemwambia, "Ndugu yangu asipoingia nyumba hii wiki hii, basi mimi ndiye nitakayetoka."

Sasa Mashoto akakikazia kisu jicho la upelelezi. Makali yalikuwa yamelika upande mmoja.

"Aliyekitumia ni mtu wa kushoto," akatangaza. "Tazameni. Hata hapa pa kuegemeza dole gumba pameshabonyea."

"Weka lako tuone," alisema mama muuza nyanya.

Akaweka. Likaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Mbona kimekukaa?"

"Si kilifanywa kwa kipimo cha mkono wangu, mama. Ulitaka kimkae nani?"

Kibanda cha pili, shemeji aliacha kunyonyoa kuku. "Shemeji, usinitazame mimi."

"Sijakutazama wewe. Natazama mkono wako."

Basi Mashoto akapanda juu ya kreti, maana maneno mengine hayasemwi ukiwa chini. "Mkono uliochakaza kisu hiki, mwenye nao leo atapiga magoti mbele ya aliyemkosea, na nyote mtakuwa mashahidi. Shemeji, twende kwa mhunzi. Mwenye moyo safi haogopi."

Shemeji akafuta manyoya mikononi. "Twende. Lakini umesema magoti."

"Magoti. Na hakuna kutandika kitu chini."

Nusu ya soko ikafuata. Nyanya ziliachwa zijiuze zenyewe. Njiani Mashoto alitangulia, kisu mkononi, akiwaeleza hata wasiouliza kwamba yeye hana ubaya na mtu, ila dhuluma haivumiliki.

Mhunzi alikuwa kwenye mvukuto wake, uso umepakaa masizi. Alipomwona akatabasamu.

"Kimekufikia? Yule wa pikipiki nilimpa na maneno akuletee. Naona maneno ameyamwaga njiani."

"Kimenifikia kikongwe," alisema Mashoto, akakitupa mezani. "Sema mbele ya watu hawa, tena mbele ya huyu shemeji yangu: nani amekitumia kisu changu kipya?"

"Kipya?" Mhunzi akawatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta mgonjwa ni yupi. "Kipya sijakata hata chuma chake, bwana. Juzi ndiyo nimemaliza kuchukua kipimo, nikaona nikurudishie hiki chako uwe unafanyia kazi. Siku ile ulikileta kiwe mfano, ukaongea mpaka ukakisahau hapa. Ule mpira niliutoa, ulikuwa unanuka."

Mvukuto ukatoa pumzi yake ya mwisho, ukanyamaza.

Shemeji akavuta gogo, akalipangusa vumbi, akaketi, akanyoosha shati lake kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.