Duka Lisiloonyesha Kitu

Biribo alichuchumaa nje ya duka lake mwenyewe, kitambaa cha mkewe kichwani, akaukunja mgongo mpaka akawa na kimo cha shangazi yake.

"Unaona nini?" Tekaai, fundi wa mbao, alimuuliza kutoka ndani.

"Naona mchele. Naona nyama za kopo. Naona hata sukari iliyo chini ya meza."

"Basi na shangazi yako ataviona."

"Ataviona, na jioni vitakuwa kwake," Biribo alisema, akainuka huku magoti yakilia.

Hili lilikuwa duka lake la tatu hapo Bikenibeu. Mawili ya kwanza hayakuibiwa wala hayakuungua, yaliombwa. Katika visiwa vya Kiribati ndugu akikujia na bubuti, ombi la damu kwa damu, humwambii hapana. Unampa, unatabasamu, kisha unaingia ndani kuuma mto. Duka la kwanza liliishia kwa binamu zake. La pili lilikwisha kwenye harusi ya mtu ambaye mpaka leo Biribo hajui wanahusiana vipi. Ni yeye mwenyewe aliyebeba magunia mpaka harusini, akapigiwa makofi, akacheza.

Safari hii mkewe, Rakera, hakupiga kelele. "Likifa na hili," alisema, "mimi narudi Butaritari kwa mama. Wewe baki hapa uwauzie ndugu zako upepo."

Biribo alikuwa mtu wa sala, kwa hiyo alipiga magoti. "Ee Bwana, nipe moyo wa kutoa. Lakini kwanza nipe ukuta." Aliposema amina aliona haya kidogo, ila sala hakuifuta.

Hekima yake ilikuwa hii: bubuti huanzia machoni. Si adabu kuomba usichokiona. Hata shangazi Teewata, ambaye haogopi chochote chini ya mbingu, hajawahi kuomba kitu kilichofichwa. Basi duka lililokuwa wazi pande zote kama kibanda cha samaki lingezibwa pande zote: mbao tupu, mlango mmoja, na kidirisha cha kupitisha mkono. Mteja ataje anachotaka, alipe, apokee, aende zake.

"Kama kaburi," Tekaai alisema.

"Kama benki," Biribo alimsahihisha.

Alimchagua Tekaai kwa sababu moja tu. Walikuwa wamechimbua koo zao mpaka kwa mababu wa mababu, wasikutane popote. Mbao nazo zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, maana kisiwa cha mchanga na minazi hakina mti wa kupasuliwa ubao mpana. Zilikuwa nyekundu, laini, zenye harufu ya msitu ambao Biribo hakuwahi kuuona. Wapita njia walisimama, wakazipapasa kwa viganja kama wanavyopapaswa watoto wachanga.

"Kaka," Tekaai alisema, "mbao nzuri hivi, mimi ningezifunika kwa makuti."

"Uzifunike? Acha watu waone! Mara moja katika maisha yangu wasifu kitu changu na mimi nisikipoteze."

Tekaai alimtazama, akaweka msumari mdomoni, akashika nyundo.

Ukuta ulipokamilika, mchungaji aliubariki na duka likafunguliwa. Wiki nzima Biribo hakuombwa hata kiberiti. Ndugu walifika, wakachungulia kidirishani, wakaona giza na pua yake, wakarudi walikotoka. Rakera alianza tena kuimba akipika. Biribo akajiona mtu mwenye akili, jambo ambalo, kwa kadiri alivyokumbuka, halikuwa limewahi kumtokea bila kufuatwa na balaa.

Jumamosi shangazi Teewata akaja na binamu wanne wenye mabega mapana. Wakatandika mkeka nje. Biribo aliwatolea mashelisheli ya kuchoma na tembo tamu la mnazi, akaketi nao kwa raha, mgongo umeegemea mbao.

"Habari za nyumbani, shangazi?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Bahari imepanda, imenilia upande mzima wa nyumba. Usiku kaa wananitembelea bila kupiga hodi."

"Pole sana, shangazi." Alisema pole kwa moyo wote, na kwa moyo uleule akawaza: haya, sasa unakuja mchele.

"Duka lako limependeza," shangazi alisema. "Ila halionyeshi kitu."

"Kitu chenyewe kiko wapi, shangazi? Duka la maskini hili."

"Maskini mwenye kidirisha!" binamu mmoja alisema, na wote wakacheka. Biribo alicheka kuwashinda.

Shangazi aliweka kifuu chake chini. "Tumekuja na bubuti."

Binamu wakaacha kutafuna. Jikoni, Rakera akaacha kuimba. Biribo hakutetemeka hata kidogo. Maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Alifungua mikono kama mchungaji anayewabariki waumini.

"Shangazi yangu mpenzi, mimi ni nani hata niwanyime? Lolote mnaloliona hapa ni lenu. Tazameni wenyewe."

Shangazi Teewata alipangusa midomo. Akatazama juu, akatazama chini, taratibu, kwa macho ya upole.

"Mchele hatuuoni, mwanangu," alisema, na wale binamu wanne wakainuka wakikunja mikono ya mashati. "Tunauona ukuta."