Meno ya Dume la Mbegu

Mnada wetu wa kondoo wa mbegu tuliuanzishia uani kwangu, mimi na shemeji yangu, kwa madume manne. Sasa malori hutoka mbali, kwa kuwa hapa mtu hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Siku ile nilimshika taya dume wa shemeji kabla hajaingia uwanjani.

"Huyo nimeshamkagua, shemeji. Watu wanasubiri."

Hakuwa amewahi kunihimiza hivyo. Nikamfungua dume mdomo. Meno yalikuwa mafupi, sawasawa kote, na yalinikwaruza kidole. Yalikuwa yamepigwa tupa kuficha uzee, maana meno ya kondoo mzee hurefuka.

"Ana miaka mingapi?"

"Miwili," alijibu, akitazama malori.

Dalali akatuita. Nikamvuta dume hadi katikati, nikawageuzia wanunuzi kinywa chake wazi.