Ulimi wa Merton

Arvilla Foss alichungulia dirishani kwanza, akahakikisha mumewe, Merton, yuko mbali kondeni, ndipo akachukua chupa ya siki. Malimau yalikuwa yamemwishia, na dukani ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Alitia kijiko kimoja kwenye bakuli la bluberi, vile vitunda vya buluu vya kutilia pai, akakiosha kijiko upesi, kisha akaisukuma chupa nyuma ya mfuko wa unga. Kwa miaka arobaini pai yake haikuwahi kukosa limau, na hakutaka mtu ajue. Hasa Merton.

Maana Merton alikuwa na ulimi. Ndivyo alivyotuambia kila tulipokutana naye, na hata tulipokuwa tunamkimbia. Akila beri moja tu, atakwambia imetoka mteremko gani wa kilima cha Tibbett, na kama ilichumwa umande ukiwa haujakauka.

Lakini tusimcheke sana. Sisi watu wa pembe hii ya Maine tuna baridi ya miezi sita, barabara moja, na beri za porini zisizozidi njegere kwa ukubwa. Basi tunazisifia hizo beri mpaka tunachosha watu. Tunasahau kwamba Wapassamaquoddy, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wakiyachoma moto makonde haya ili yazae vizuri, na kuzianika beri zake za kula wakati wa theluji, karne nyingi kabla babu zetu hawajafika na kujitangaza mabingwa.

Shida ilianza Dale, mtoto wao wa pekee, alipooa Renata, msichana wa New Jersey. Kwa akina Renata bluberi hupandwa kwa mistari, kwenye vichaka vinavyompita mtu kimo, nazo ni nene kama gololi.

"Hizo si bluberi, hizo ni maputo," Merton alimwambia mkwewe siku ya kwanza tu, hata koti hajavua. "Zimeanza kupandwa juzijuzi, bado hazijajua kuwa tamu."

Siku hiyo Renata alitabasamu. Kufikia Agosti, mimba ikiwa ya miezi sita na maputo yakiwa yametajwa kila mlo, alikuwa hatabasamu tena. Dale alikuwa ameitiwa kazi huko ukweni, na jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Baba Dale, nakuomba," Arvilla alikuwa amemwambia mumewe asubuhi ile ya Jumamosi. "Ukimdhihaki tena binti wa watu, mara moja tu, mjukuu wetu tutakuwa tunamwona kwenye picha."

"Kwani mimi nimesema nini?"

"Ndiyo tabu yako. Hata hujui."

Jioni ilikuwa karamu ya mavuno kwenye ukumbi wa kanisa. Arvilla alileta ile pai yake, na Renata naye akaleta pai, aliyoipika kwa beri alizotumiwa na mama yake. Aliiweka pembeni kabisa ya meza, karibu na vichupa vya chumvi. Hakuna aliyeigusa. Naona aibu kusema, lakini hata mimi niliipita.

Lester, jirani yao mwenye mdomo, ndiye aliyechokoza. "Merton! Leo tukufunge macho. Pai ya mkeo na pai ya mkweo. Tuuone huo ulimi."

Arvilla alimkazia mumewe macho. Merton alikuwa ameshavuta kiti.

Lester alimfunga kitambaa cha jikoni, akakata vipande viwili, akaviponda kwa uma ili ukubwa wa beri usimsaidie. Renata alisimama ukutani, mikono chini ya aproni, akiutazama mlango.

Merton alionja cha kwanza. Alitafuna muda mrefu, tukadhani amesinzia. Akaonja cha pili, akameza, akapiga meza.

"Hiki cha pili! Hiki ndicho cha kwetu, kilima cha Tibbett, mteremko wa mashariki! Kile cha kwanza ni maputo matupu. Unisamehe, mkwe wangu, lakini kweli ni kweli."

Kitambaa kikafunguliwa. Cha pili kilikuwa cha Renata.

Loo! Tulicheka mpaka Lester akaketi sakafuni. Merton aliitazama sahani, akajishika kichwa. "Ukateni huu ulimi, mtilie viatu soli," alisema. "Miaka arobaini nawadanganya, na ninyi mnakaa tu mnanisikiliza!"

Renata ndiye aliyecheka kuliko wote, kajishika tumbo, machozi yanamtoka.

"Mkwe wangu," Merton alimwambia, akimnyooshea sahani, "hebu niongezee maputo."

Basi watu wakaifuata ile pai ya pembeni, mimi nikiwa wa pili kwenye foleni, mpaka ukabaki ukoko. Kabla hawajaagana, Renata alimshika Arvilla mkono. "Mama, kile chumba cha juu, kitanda cha mtoto kitaenea kweli?"

"Kitaenea, mwanangu. Na kiti cha kunyonyeshea pia."

Arvilla alifurahi, lakini ndani ya gari alimpa mumewe kisogo. Pai yake mwenyewe, mbele ya kanisa zima, imeitwa maputo! Jua lilikuwa bado halijazama. Merton aliendesha polepole, meno yakiwa ya buluu, akipiga mluzi. Walipofika kwenye konde lao ndipo alipomgeukia.

"Mama Dale," alisema, "ile siki, ulitia kijiko kimoja au viwili?"