Mahali Maji Hayafiki

Umeshageuza uso, na hadithi haijaanza. Ndivyo ulivyofanya na mara ile ulipoonyeshwa ndege aliyepasuka tumbo: ukasema "masikini," ukameza mate, ukaendelea kula. Leo rudisha macho hapa.

Kinda la shakwe lilikuwa juu kabisa ya jabali, shingo imepinda, funza wakiingia jichoni na kutokea mdomoni. Fundi, mshona nguo kwa miaka thelathini, alilipindua kwa kijiti. Tumbo lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na samaki. Mlikuwa na bonge la mpira mwekundu, laini, limenata kama utumbo, limezongwa na uzi.

"La kumi na moja," alisema, akatema mate pembeni.

Chini, wenzake watatu walibaki kwenye boti, pua zimezibwa kwa khanga. Mama Kicheko, ambaye siku hiyo hakuwa na kicheko, alikuwa ametapika mara mbili, tena ndani ya ndoo, maana Nahodha hakuruhusu kitu chochote kitupwe baharini. Asubuhi alikuwa ameopoa ganda lake la chungwa na kumrudishia mkononi.

"Huyu bahari kaioa," Fundi alikuwa amesema, na boti nzima ikacheka.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kasuku. Ndivyo walivyomwita mwenzao, kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo hata akishikilia pini kwa meno. Alitamani sana kuviona visiwa hivi na ndege wake, akafa kabla. Kwa miaka sita, kila siku ya kifo chake ilipofika, walikutana nyuma ya karakana ya nguo, kila mmoja na utepe wake, wakamtumia salamu, wakalia kidogo, wakaenda kula. Tepe zote alizitarizi Fundi, kwa uzi wa nailoni, na kila mwisho alipiga mishono mitatu ya msalaba.

"Kazi yangu hata uizike haifumuki," alipenda kujisifu.

Mwaka huu waliamua salamu zitolewe huku huku, mbele ya ndege wenyewe. Nahodha alipouliza kuhusu boksi na mtungi mdogo wa gesi chini ya benchi, maana jiko la chai boti inalo, Mama Kicheko alimkatiza: "Ya shughuli yetu ya saa kumi hayo. Wewe shika usukani, baba."

Sasa Nahodha alipanda jabali akiwa na gunia, akachutama kando ya kinda.

"Nani mwingine anayeleta watu huku?" Fundi alimuuliza.

"Hakuna, mama. Kibali ninacho mimi tu."

"Basi mpira huu ni wa glavu zako za kuvulia."

"Sivai glavu."

"Wageni wako, basi."

"Wageni wangu hawashuki na kitu. Umeona mwenyewe."

"Kwa hiyo tuseme maji ndiyo yameleta."

Nahodha alitazama chini, kule mawimbi yalikokuwa yakivunjika, mbali. Angeweza kuitikia tu, akajiokoa.

"Hapana," alisema. "Hapa maji hayafiki, hata kwa dhoruba. Mwaka wa sita huu nawaokota, na sijui."

"Kama si maji, ni miguu. Na miguu inayofika huku ni yako."

Fundi akatoa simu. Alimwambia wazi kwamba kabla jua halijazama ofisi ya bandari itakuwa na picha zote kumi na moja, na kibali kitafutwa. Watu wa namna yake aliwajua: wanakurudishia ganda la chungwa mbele za watu, huku nyuma wanatupa uchafu wao mahali ambapo hakuna jicho.

"Nina watoto wanne wanaokula kwa kibali hicho, mama."

"Na hawa walikuwa watoto wa nani?"

Nahodha aliliinua kinda kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza bado kuumia, akaelekea kulitia guniani.

"Weka chini," Fundi alisema. "Huo ni ushahidi wangu."

Alishika uzi kwa vidole viwili akavuta. Ulitoka taratibu, unateleza, na nyuma yake ikatoka harufu iliyomfanya afumbe macho. Uzi ukawa mrefu, ukawa mpana, mpaka ukawa kitambaa chembamba chenye ute mweusi. Aliufuta kwa kidole gumba. Haukutosha. Akaufuta kwa pindo la gauni lake, akiusogeza karibu na macho, kama anavyofanya akikagua kazi ya mwanafunzi.

Haukuwa umeoza. Haukuwa umefumuka hata kidogo. Mwishoni mlikuwa na mishono mitatu ya msalaba, na kabla yake maneno mawili: *Kasuku, tunakukumbuka.*

Chini, mtungi ulipiga mluzi, na puto jekundu la kwanza likachungulia juu ya paa la boti, likivuta utepe wake. Wewe unayetazama, sindano unayo: toboa sasa hivi.